Mzee Anapokataa Kula: Sababu Zake na Wajibu Wetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Familia moja ya hapa Unguja ilimleta bibi yao kutoka Gulwe, wilaya ya Mpwapwa mkoani Dodoma, ile stesheni ya Reli ya Kati iliyo karibu na mto Kinyasungwe. Binti yake ameolewa huku, na alitaka mama yake apate matunzo mazuri. Baada ya wiki tatu bibi alikuwa hali kitu isipokuwa chai. Wali wa nazi aliusukuma, samaki hakumgusa, mkate wa kumimina aliuonja akauacha. Nyumba ikagawanyika. Mmoja akasema huo ni ukaidi, mwengine akasema ni uzee tu, wa tatu akaanza kumnong'ona wifi kwamba ana mkono wake. Walipotujia waliuliza: je, tunapata dhambi tukimwacha asile, na inajuzu kumlisha kwa nguvu?

Jibu la kifiqhi ni fupi. Imepokewa na Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Uqba bin Amir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kuwalazimisha wagonjwa chakula na kinywaji. Wako wanazuoni waliozungumza juu ya isnadi yake, ila Tirmidhi ameihesabu kuwa hasan, na maana yake inakubaliana na wanayoyasema madaktari: mzee anayetiwa kijiko mdomoni kwa nguvu hupaliwa, na chakula kikiingia kwenye mapafu huleta homa ya mapafu. Kwa hiyo msimlazimishe.

Lakini kutomlazimisha si kumwacha. Dhambi tunayoiogopea familia nyingi ni ile ya kusema "ni uzee" kisha wakakaa. Uzee kweli hupunguza hamu: pua na ulimi hupoteza makali yake, tumbo humwaga chakula polepole, na mtu hushiba kwa tonge chache. Uzee peke yake, hata hivyo, haumfanyi mtu aache kula ndani ya wiki tatu. Mabadiliko ya ghafla yana sababu, na sababu hutafutwa.

Anzeni na mdomo. Mwambieni afungue, mtazame kwa tochi. Meno ya bandia yaliyolegea, jino bovu, kidonda cha ufizi, utando mweupe juu ya ulimi, ukavu wa mate: haya ni mengi kuliko watu wanavyodhani, na mzee huona haya kuyasema. Kisha mwagieni mezani dawa zake zote. Metfomini ya kisukari inaweza kuondoa hamu na kuleta kichefuchefu, metronidazoli huacha ladha ya chuma mdomoni, na dawa kali za maumivu huchoma tumbo. Dawa isikatwe kienyeji; ipelekwe kwa daktari aliyeiandika. Ulizeni pia kuhusu choo, maana aliyefunga choo siku nne au tano hatamani chakula. Na jueni kuwa maradhi ya mkojo au ya kifua kwa mtu mzima yanaweza kuja bila homa, dalili ikawa ni kukataa kula na kuchanganyikiwa tu. Kifua kikuu, figo na saratani navyo hujificha hapo.

Hapa tutahadharishe jambo moja kwa mkazo. Mzee wa kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi, akawa hali, sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia. Huyo asingojewe kesho. Vivyo hivyo anayepaliwa hata na maji, asiyepata mkojo, anayetapika au kutoa choo cheusi kama lami.

Kwa wengine, pimeni uzito. Aliyekuwa na kilo 60 akapungua 3 ndani ya miezi sita bila kukusudia anahitaji uchunguzi. Wazee wetu wa miaka 70 na zaidi wanapokea pensheni jamii tangu 2016. Siku ya kwenda kuichukua, piteni kituo cha afya apande mizani. Bangili inayoteleza mkononi nayo ni mizani.

Turudi kwa bibi wa Gulwe. Ilionekana kwamba alikuwa na kidonda chini ya meno ya bandia, na hakumwambia mtu kwa kuwa yumo nyumbani kwa mkwewe. La pili ni chakula chenyewe. Ni mtu aliyekua kwa ugali wa uwele na mlenda, na sisi watu wa visiwani tuna tabia ya kudhani asiyetaka wali wa nazi lazima awe mgonjwa! Zaidi ya hayo alikuwa akiachiwa sahani chumbani peke yake, kwa heshima, wakati kwao hula na wajukuu. Wifi, masikini, hakuwa na lake. Ruqya ya Qur'ani ni kheri na tunaihimiza, ila kumtuhumu mtu uchawi bila ushahidi ni dhulma, na huchelewesha matibabu.

Meno yakarekebishwa, jamaa wa Gulwe wakatuma unga wa uwele na mlenda uliokaushwa, na bibi akawekwa mkekani pamoja na watoto. Alianza na uji. Mtume (S.A.W.) ameisifu talbina, uji wa shayiri, kwamba humtuliza mgonjwa na kumpunguzia huzuni, hadithi hiyo ya Bi Aisha (R.A.) imo katika Bukhari na Muslim. Uji wowote laini hufanya kazi, ukitiwa maziwa au karanga zilizosagwa. Bokoboko nalo ni chakula kizuri cha wasio na meno. Mpeni kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, na maji mumkumbushe, kwani kiu pia hupungua uzeeni.

Aliyefiwa na mwenzake akaacha kula huenda huzuni yake imekuwa ugonjwa, nayo inatibika. Anayesahau kuwa chakula kiko mbele yake, mwanzisheni tonge la kwanza mkononi.

Kuhusu Ramadhani, mzee asiyeweza kufunga na asiyetarajiwa kupata nguvu hafungi. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i hutolewa kwa kila siku kibaba kimoja cha chakula cha watu wa mji, nacho ni robo ya pishi. Anas bin Malik (R.A.) alipozeeka alikuwa akilisha masikini.

Na akiwa yuko ukingoni, madaktari wamesema hakuna la kufanya, mwili wenyewe hukiacha chakula. Hapo hafi kwa njaa yenu. Loweni midomo yake kwa pamba yenye maji, mumsomee, mumkumbushe shahada kwa upole.

Wallahu aalam.