Sista Namba Moja

Nikiwaambia watu nataka kuacha kuuza bima nisomee uuguzi, wengi hunirudishia swali moja: "Na umri huo?" Nina miaka 31. Mama yeye hauliza umri, anauliza karo. Na kusema kweli swali la mama ndilo linaloninyima usingizi. Akiba yangu ya miaka saba inatosha chuo kimoja tu, mara moja. Sasa nitajuaje chuo cha kunifunza kazi na chuo cha kunipokonya pesa?

Nilidhani hilo ni swali la Nairobi ya leo. Kumbe wauguzi wamepigania jibu lake kwa zaidi ya miaka 150.

Florence Nightingale naye alikuwa na miaka 31 alipoenda kusomea kazi hii. Ilikuwa 1851. Kwao walikuwa matajiri, na mama yake na dada yake hawakutaka kusikia habari hizo, maana Uingereza ya wakati huo ilimwona muuguzi kama kijakazi wa wodini, tena mlevi. Alichagua Kaiserswerth, Ujerumani, taasisi ya kidini iliyoanzishwa na mchungaji Theodor Fliedner mwaka 1836. Alikaa kama miezi mitatu hivi. Baadaye alisifu sana moyo wa wale akina dada, lakini kuhusu uuguzi wenyewe na usafi, alisema wazi kwamba hakukuwa na la maana. Hapo nilitulia kidogo. Kwamba chuo kinaweza kuwa na watu wazuri, nyimbo nzuri asubuhi, na bado kisikufunze kuosha kidonda.

Miaka mitatu baadaye alipelekwa kwenye vita vya Crimea na wauguzi 38. Mary Seacole, Mjamaika aliyezaliwa 1805, pia aliomba kwenda. Huyu alifunzwa dawa na mama yake huko Kingston, na alikuwa ameshatibu wagonjwa wa kipindupindu Panama. London wakamkataa, yeye mwenyewe alishuku ni rangi yake. Akajilipia nauli, akafungua nyumba yake karibu na Balaclava mwaka 1855, akawa anauza chakula na kutibu askari. Mfanyabiashara, karibu miaka 50, hana cheti. Nampenda sana Seacole. Lakini ebu jaribu kuingia wodi yoyote ya Kenya leo na historia kama yake, uone askari wa getini atakwambia nini.

Cheti kilianza kuwa na maana London, Julai 1860, Nightingale alipofungua shule yake katika hospitali ya St Thomas'. Wananchi walikuwa wamechanga zaidi ya pauni 40,000. Mwanafunzi alisoma mwaka mmoja, akapewa chakula, malazi, sare na pauni 10 kwa mwaka. Yaani shule ndiyo ilimlipa mwanafunzi! (Mama asisome hapa.) Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1870 Nightingale alipoichunguza kwa makini, alikuta wanafunzi wanafanyishwa kazi za wodi bila kufunzwa, na daktari aliyepaswa kuwafundisha alikuwa ameacha kufundisha zamani. Jina kubwa, mlango mzuri, na ndani hakuna mwalimu. Hata hiyo ya Nightingale mwenyewe.

Sasa nani amlinde mwanafunzi, na nani amlinde mgonjwa? Ethel Bedford Fenwick, aliyekuwa matroni wa St Bartholomew's, alisema jibu ni rejista: mtihani mmoja kwa wote, na orodha ya majina inayolindwa na sheria. Alianzisha chama cha kudai hilo mwaka 1887. Unajua aliyempinga ni nani? Nightingale. Alisema tabia ya muuguzi haipimwi kwa mtihani. Hoja yake ina uzito, lakini mimi niko upande wa Fenwick. Anayeringia tabia badala ya karatasi mara nyingi ni mwenye chuo.

New Zealand ilipitisha sheria yake mwaka 1901. Uingereza iliburuta miguu hadi Desemba 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kujaza wodi na wasichana wa kujitolea waliofunzwa kidogo tu. Agatha Christie, yule wa riwaya za mauaji, alikuwa mmoja wao. Ujuzi wake wa sumu aliutoa kwenye chumba cha dawa. Wauguzi waliosoma miaka mitatu waliona wanafananishwa na hao, na kelele zao zikazidi. Rejista ilipofunguliwa, Fenwick ndiye aliyeandikwa namba moja.

Huku kwetu mambo yalianza kwa wanaume. Hospitali za misheni zilifunza vijana kufunga vidonda, wakaitwa dresa, na wazee wengine hadi leo hutumia neno hilo. Chuo ambacho sasa ni KMTC kilianza 1927. Rejista yetu ya sasa inasimamiwa na Baraza la Wauguzi chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, ya mwaka 1983. Baraza ndilo linaloidhinisha chuo, na ndilo linalotoa leseni.

Kwa hivyo nilipoingia chuo fulani katikati ya jiji, ghorofa ya tatu juu ya duka la simu, sikuuliza karo kwanza. Niliuliza kama Baraza limewaidhinisha kufunza uuguzi. Dada wa mapokezi akanionyesha cheti cha usajili wa biashara kilichotiwa fremu. Nikauliza tena. Akasema, "Hiyo inashughulikiwa, wewe lipa nusu tu tukuwekee nafasi." Nilirudi nyumbani, nikatafuta kwenye orodha ya Baraza. Hakimo.

Nimebaki na vyuo viwili, vyote vimo kwenye orodha. Kimoja kiko karibu na keja yangu. Kingine kiko mbali, lakini kimeshikamana na hospitali, na wanafunzi huingia wodini mapema. Nimeomba wanipe nafasi ya kuongea na wanafunzi wa mwaka wa pili, bila mwalimu kuwepo. Nitawauliza nani hasa huwafunza wakiwa zamu, na huja mara ngapi.