Saratani ya Umio Katika Ukanda wa Songwe

Ugonjwa huu huanza kwenye sahani. Ugali unakwama, mgonjwa anashushia maji. Baadaye anahamia kwenye uji, na siku inafika hata maji hayapiti. Wengi hufika hospitali wakati huo.

Miaka ya 1960, daktari mpasuaji Denis Burkitt, akiwa Kampala, aliziomba hospitali za Afrika Mashariki, nyingi zikiwa za misheni, zimpelekee kila mwezi hesabu ya saratani zilizoonekana. Yeye na Paula Cook wakazichora kwenye ramani. Saratani ya umio haikusambaa sawasawa. Leo watafiti wanazungumzia ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Mkoa wa Songwe, kuanzia Mbangala hadi Tunduma na Ileje, umo njiani.

Kwa nini huku? Uvutaji tumbaku na pombe vilitajwa, kisha chai ya moto. Kilimanjaro, watafiti walipima joto la chai mtu alipopiga funda la kwanza. Kwa wastani lilizidi nyuzi 70. Mwaka 2016, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulisema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hii.

Mwaka huohuo zilichapishwa habari kutoka ng'ambo ya Mto Songwe. Vinasaba vya uvimbe wa wagonjwa 59 wa Malawi vilisomwa, na jeni iliyoharibika mara nyingi zaidi ilikuwa TP53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli yenye kasoro isiendelee kugawanyika. Mwaka 2021 ukafuata utafiti wa wagonjwa 552 kutoka nchi nane, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwemo. Ilitarajiwa kwamba kitu kinacholeta ugonjwa kwenye ukanda huu kingekuwa kimeacha alama yake ndani ya vinasaba. Haikuonekana. Uvimbe wa maeneo yenye wagonjwa wengi ulifanana sana na ule wa maeneo yenye wachache.

Kwa tiba, jambo kubwa ni aina ya seli. Huku kwetu uvimbe mwingi hutokana na seli bapa za utando wa umio, na aina hiyo husikia dawa. Katika utafiti wa Uholanzi uliotolewa 2012, wagonjwa walipewa dawa za saratani pamoja na mionzi kabla ya upasuaji. Wenye seli bapa, asilimia 49 hawakukutwa na saratani yoyote kwenye umio uliokatwa. Kwa wenye aina nyingine, inayotokana na seli za tezi, waliokutwa hivyo walikuwa asilimia 23.

Lakini kwa miaka mingi mionzi Tanzania ilipatikana hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma. Waliochelewa hubaki kuwekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachofungua njia ya chakula. Huwapa nafuu ya kumeza, hakiwaponyi.

Kwa hiyo ukiona mzazi au jirani ameanza kushushia ugali kwa maji, usisubiri afike kwenye uji. Mpeleke akapimwe umio kwa kamera.