Mnyauko bakteria wa migomba (Kagera)
Ugonjwa wa migomba uletwao na bakteria wa jenasi Xanthomonas. Ulielezwa kitaalamu Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001, kisha ukaingia mkoa wa Kagera, Tanzania, ikiwamo wilaya ya Muleba. Kwa Wahaya wa huko, ambao kibanja chao (shamba la nyumbani) huchanganya migomba, mibuni na maharage, pigo lilifika mezani moja kwa moja. Watafiti walibaini kwamba wadudu huubeba kupitia ua dume. Hivyo wakulima hushauriwa kulivunja kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, linaloweza kuusambaza. Awali waliambiwa wang'oe shina zima na machipukizi yake, kazi ngumu ambayo wengi waliikwepa. Tafiti za baadaye zilionyesha bakteria hawafikii kila chipukizi: hukatwa mgomba wenye dalili tu, mapema na kwa kurudia.