Barafu ya Kilimanjaro: Kutoka Macho ya Rebmann hadi Setilaiti

Wengi wetu tuliufahamu Mlima Kilimanjaro kwenye kalenda na vitabu vya shule kabla ya kuuona kwa macho, na katika picha hizo zote kileleni pana weupe. Weupe huo unapungua. Katika makala haya tunaeleza ulivyopimwa kwa zaidi ya miaka 100, na jinsi swali la nani aaminiwe lilivyokuwapo tangu mwanzo.

Wachaga wa miteremkoni waliujua weupe huo kabla wageni hawajafika. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyetokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona kwa mbali. Kiongozi wake wa safari aliuita "baridi" tu. Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Habari hizo zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London aliyechora ramani za bara letu bila kufika huko, alizikataa. Hakukubali kwamba theluji yaweza kudumu karibu na ikweta. Ubishi huo haukutulia mpaka Karl Klaus von der Decken alipopanda sehemu ya mlima mwanzoni mwa miaka ya 1860 na kuthibitisha.

Baada ya ubishi kukaja vipimo. Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alirudi mwaka 1898 akakuta barafu imepungua. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler waliupiga mlima picha, na kutokana nazo ikachorwa ramani ya barafu yote: takriban kilomita za mraba 12. Hesabu nyingi za leo huanzia hapo.

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat. Setilaiti hizi hupita juu ya sehemu ileile kila baada ya siku kadhaa na kupima mwanga unaorudishwa na ardhi. Barafu na theluji hurudisha mwanga mwingi tunaouona kwa macho, lakini hufyonza sehemu kubwa ya mwanga fulani wa infraredi. Mawingu mengi hurudisha mwanga wa aina zote mbili. Kwa kulinganisha vipimo hivyo, mtafiti hutenga barafu na wingu, kisha huhesabu eneo lake.

Hata hivyo, theluji iliyoanguka jana huweza kufunika mawe ikadhaniwa ni barafu ya karne nyingi, na picha moja haionyeshi unene. Ndiyo maana mwaka 2000 watafiti walisimamisha kituo cha hali ya hewa juu ya barafu yenyewe, na wengine wakachimba nguzo za barafu ili kusoma historia yake. Kwa picha za setilaiti zenye uwezo mkubwa zaidi, watafiti walikadiria kuwa mwaka 2011 zilibaki kilomita za mraba 1.76 tu.

Utabiri nao umetufundisha subira. Mwaka 2002 jopo la Lonnie Thompson lilikadiria kuwa barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na vipande bado vipo, ingawa vinaendelea kusinyaa. Kukosea tarehe si kukosea mwelekeo.

Chanzo nacho si joto peke yake. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki ilikuwa kavu zaidi, theluji mpya ikapungua, na jua kali likaila barafu hata pale hewa ilipokuwa chini ya nyuzi sifuri. Tena maji mengi ya vijiji vya chini hutoka kwenye mvua ya ukanda wa msitu, si kwenye barafu. Anayelia na kilele akausahau msitu amekosa nusu ya habari.

Tangu mwaka 2008 picha za Landsat hutolewa bure. Sisi tunaosoma ughaibuni tunaweza kuzifungua maktabani, tukaupima mlima wetu kutoka mbali kama Cooley. Tofauti iwe hii: kabla ya kuandika hitimisho, tuwaulize wanaoishi chini yake.