Mkwaju wa Redioni na Wagonjwa Wetu wa Mlingotini

Katika kitabu hiki cha jubilei zimeandikwa habari za mapadre waliofika Bagamoyo mwaka 1868, na za kanisa na shule walizozijenga. Sisi twapenda kuongeza habari ya siku zilizo karibu zaidi, nayo ni jinsi hadithi ya redio ilivyoingia katika nyumba za Mlingotini ikafanya kazi iliyotushinda sisi walimu wa dini, na jinsi ilivyoiacha kazi hiyo nusu.

Ugonjwa wa UKIMWI ulitambuliwa katika nchi yetu mwaka 1983 huko Kagera, kwa wagonjwa watatu. Baadaye ukafika hata pwani. Watu hawakuutaja kwa jina lake. Watu wa Kagera waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyoletwa kutoka Uganda. Kwetu walisema fulani ana ngoma, au amekanyaga waya, tena kwa kunong'ona. Aliyekonda alifichwa chumba cha uani. Alipokufa, ndugu walisema amerogwa. Na walimu wa dini waliotutangulia, nasi baada yao, tulisimama makaburini tukanena habari za dhambi, wala hatukumtazama mjane aliyekuwa mbele yetu.

Hata ulipofika mwezi wa Julai 1993, Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza mchezo ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kila juma. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori, aliyekuwa na mkewe Tunu nyumbani, na wanawake wengine katika miji ya njia yake. Njia ile haikuwa ngeni kwetu, maana malori yaendayo Morogoro na Tanga hupita Chalinze, na siku hizo Chalinze ilikuwa ndani ya wilaya yetu. Kwa hiyo Mkwaju alikuwa kama jirani. Redio zilikuwa chache. Mwenye nayo aliiweka barazani, wakaja kuketi Waislamu, ndio walio wengi kijijini, na Wakristo wachache, na wavuvi wenye nyavu zao za kushona, na sisi watoto wa shule tuliofukuzwa tukarudi tena.

Ndipo lile lisilosemeka likasemwa. Mwanamke hakuweza kumwambia mumewe, "Utatuletea maradhi." Lakini aliweza kusema mbele ya watu wote, "Huyu Mkwaju atamwua Tunu wa watu," na mumewe akasikia, asiwe na la kujibu. Nabii Nathani alifanya vivyo hivyo kwa mfalme Daudi: alimsimulia habari ya maskini na mwana-kondoo wake, hata Daudi akajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe.

Tena wenye mchezo walitaka kujua kama maneno yao yana nguvu. Kwa hiyo kituo cha Dodoma hakikuutangaza mpaka mwaka 1995, ili watu wa huko walinganishwe na wa mahali pengine. Ikaonekana ya kuwa mahali uliposikiwa, watu walipunguza wapenzi na kutumia kinga kupita wale wa Dodoma.

Lakini Mkwaju aliugua akafa, na wasikilizaji walio wengi waliona amevuna alichopanda. Hofu ile iliwazuia watu na uzinzi, nayo hofu hiyo hiyo ikampa kila mgonjwa jina la Mkwaju. Sisi watoto tuliwaita hivyo wakipita njiani, twaona haya kuandika. Hatukufikiri kwamba walioambukizwa wengine walikuwa ni akina Tunu, waliokaa nyumbani na kungoja.

Mmoja wao ni mama wa jumuiya yetu. Mumewe alikufa mwaka 1999, naye akatengewa kikombe, sahani na ndoo. Hakuna aliyeambukizwa UKIMWI kwa kikombe, na jambo hilo lilikuwa limetangazwa mara nyingi. Lakini tangazo hupita sikioni, na hadithi tuliyoishika ilikuwa ya mkosaji, si ya mjane wake. Kama angalipatikana mtu wa kutunga mchezo wa mwanamke huyu, anywavyo chai peke yake karibu na mlango, labda tungalijiona sisi wenyewe kama Daudi.

Mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, na mwaka 2008 ikatungwa sheria inayokataza unyanyapaa. Mama huyo alipata dawa, akanenepa, akarudi shambani. Siku hizi waganga wafundisha kwamba mtu atumiaye dawa vema, hata virusi visionekane katika damu yake, hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Sisi wenyewe tulilisema jambo hilo jumuiyani, mara mbili, naye alikuwapo.

Tukikutana kusali na chai ikaletwa, yeye hutoa kikombe chake mfukoni kabla hajapewa kingine.