Mfilisi, Mrasimu na Mkabidhiwa

Septemba 2019 benki ya KCB, ikidai deni lake, iliiweka Kampuni ya Sukari ya Mumias, kaunti ya Kakamega, mikononi mwa meneja iliyemteua yenyewe. Katika Kiswahili cha Kenya meneja wa aina hii huitwa kwa majina mawili yanayogongana. Wapo wasemao kampuni "imefilisiwa", na wapo wasemao iko chini ya "meneja mrasimu". La kwanza lina maana kali kupita kiasi. La pili limekaa jirani mno na urasimu, yaani taratibu ndefu za ofisini, hata asiyelizoea hudhani mhusika ni karani wa serikali. Dai la makala hii ni kwamba istilahi ya kazi hii haina budi kuonyesha mwenye kazi anamtumikia nani, kwa kuwa hapo ndipo haki za wengine wote zinapopimwa.

Kufilisi ni kuishika mali ya mdaiwa na kuiuza ili madeni yalipwe. Mfilisi wa kampuni huwafanyia kazi wadai wote kwa ngazi zilizowekwa na sheria, na akimaliza, kampuni hufutwa. Meneja wa Mumias alikuwa na asili nyingine. Mamlaka yake yalitoka katika hati za dhamana ambazo kampuni iliipa benki ilipokopa, na jukumu lake la kwanza lilikuwa kwa mkopeshaji huyo. Kampuni iliendelea kuwepo kisheria, na wakurugenzi walinyang'anywa uendeshaji bila kuvuliwa vyeo. Desemba 2021 kiwanda kilikodishwa kwa miaka 20 kwa Sarrai Group ya Uganda, mkataba uliozua mvutano mrefu mahakamani. Mkulima wa miwa asiyelipwa, ambaye deni lake halina dhamana, alipoambiwa kampuni imefilisiwa huenda alidhani hakuna tena wa kudaiwa. Ukweli ni kwamba mdaiwa wake alikuwa bado yupo, ila funguo alikuwa nazo mtu wa mdai mwingine.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi ukivuka mpaka. Desemba 2022 KCB hiyohiyo ilinunua asilimia 85 ya Trust Merchant Bank, benki yenye makao Lubumbashi, mji ambao watu wake huzungumza Kiswahili. Lugha ni moja, sheria ni mbili. Tangu Septemba 2012 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika OHADA, jumuiya ya nchi 17, nyingi zikiwa za Kifaransa, zenye sheria moja ya biashara na mahakama ya pamoja mjini Abidjan. Sheria ya OHADA kuhusu kampuni zilizoelemewa na madeni, iliyofanyiwa marekebisho Septemba 2015, haimpi mkopeshaji nafasi ya kumteua mtu wake aje kuendesha kampuni. Anaweza kuidai mali mahususi aliyowekewa rehani, lakini kampuni nzima huingia mikononi mwa mahakama. Mahakama ndiyo humteua ofisa aitwaye *syndic*, chini ya jicho la hakimu, na ofisa huyo huwawakilisha wadai kwa pamoja. Mwekezaji kutoka Nairobi anayesoma neno moja la Kiswahili kwa mambo haya mawili ataingia Kongo akitegemea silaha ambayo huko haipo.

Atakuwepo wa kusema wanasheria wana Kiingereza na Kifaransa chao, basi Kiswahili kisisumbuke. Lakini wanasheria si watu pekee wanaofungwa na maamuzi haya. Wafanyakazi, wakulima na wauza vipuri nao ni wadai, na wao hupata habari kwa Kiswahili. Pingamizi zito zaidi linatoka katika Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015, inayomruhusu mwenye dhamana ya aina fulani kumteua msimamizi bila kwanza kwenda mahakamani. Msimamizi huyo, ingawa ameteuliwa na mdai mmoja, anapaswa kutenda kwa faida ya wadai wote, na lengo la kwanza analowekewa ni kuinusuru kampuni iendelee na biashara. Pingamizi hili ni la haki, nalo linalirekebisha dai langu bila kulivunja. Jina la aliyemteua ofisa halitoshi kumweleza. Cha kuuliza ni anawajibika kwa nani.

Kwa kipimo hicho, "mfilisi" abaki kwa anayeuza mali na kuifunga kampuni, na "msimamizi" abaki kwa anayejaribu kuiokoa kwa niaba ya wote. Huyu wa Mumias napendekeza aitwe "mkabidhiwa wa mdai": amekabidhiwa mali asiyoimiliki, na neno la pili linataja mwenye kumtuma. *Syndic* wa Kongo, kampuni inapokarabatiwa, anaweza kuitwa "msimamizi wa mahakama", na ikifungwa kazi yake ni ile ya mfilisi. Maneno ni marefu kuliko "mrasimu", na mhariri wa habari atalalamikia nafasi. Hata hivyo maneno mawili ya ziada ni gharama ndogo ikiwa yatamwezesha mkulima kujua hati yake ya madai aipeleke kwa nani, na mwekezaji kujua, kabla ya kukopesha, iwapo siku ya matatizo ataamua yeye au ataamua hakimu.