Fungate Ziwani: Mzigo Mwepesi kwa Maharusi Wanaosafiri Mwanza na Visiwani

Mavuno yakishaingia ghalani, harusi huwa nyingi katika vijiji vyetu vya Kanda ya Ziwa. Baada ya harusi, wapo maharusi wanaopenda kukaa siku chache mbali na nyumbani. Wengine huja Mwanza mjini, wengine huvuka kwenda Ukerewe, na wachache wenye uwezo hufika hadi Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo. Wasikilizaji wetu hutuuliza mara kwa mara: tubebe nini? Jibu letu ni begi moja kwa kila mtu, lisilozidi kilo 10, ambalo mwenyewe anaweza kulibeba kwa mkono mmoja. Katika makala haya tunaeleza sababu yake na namna ya kulifikia.

Fungate ni siku ngapi?

Neno fungate kwa asili lilihusu siku saba zinazofuata harusi. Wanaohesabu kwa Kisukuma watalitambua haraka, kwa kuwa saba kwao ni mpungati. Siku hizi wengi hukaa siku tatu au nne tu, kulingana na mfuko. Jambo la kwanza, basi, ni kuhesabu siku kabla ya kugusa begi. Siku saba hazidai nguo saba. Nguo tatu za kubadilisha zinatosha, kwa sababu kila nyumba ya wageni ina maji na kamba ya kuanikia, na jua la ziwani hukausha shati nyepesi kwa saa chache.

Kwa nini uzito ni jambo la maisha

Barabarani, mzigo mkubwa hukuchosha na kukuongezea nauli. Ziwani mambo ni makubwa zaidi, maana kila chombo kina kiwango cha uzito na kila abiria huongeza sehemu yake.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilizama ikikaribia Mwanza. Meli hiyo iliruhusiwa kubeba abiria 430, lakini siku hiyo ilibeba wengi zaidi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba waliokufa ni zaidi ya 800. Baadhi yao wamezikwa katika makaburi ya Igoma, Mwanza.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache tu kufika gatini kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora, Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101 na tani 25 za mizigo. Siku hiyo ilikuwa ya gulio. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220.

Hatusemi kwamba begi la bibi harusi ndilo linalozamisha meli. Tunachosema ni kwamba chombo hujaa kidogo kidogo: gunia moja, sanduku moja, mtu mmoja anayesema "mimi tu". Mzigo ukiwekwa juu, chombo huyumba kwa urahisi. Mzigo ukizagaa njiani, watu hukosa pa kupita siku ya hatari. Tena mtu mwenye mabegi matatu hana mkono wa kushika reli wala wa kumshika mwenzake.

Pima kwa ndoo

Huhitaji mizani kujua kilo 10. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa nusu ina takriban kilo 10. Inua nusu ndoo, kisha inua begi lako. Begi likizidi, punguza. Ukitaka uhakika, mwombe mwenye duka la nafaka akupimie.

Kisha fanya jaribio la pili: libebe begi utembee nalo kutoka nyumbani hadi kituo cha bodaboda na kurudi, bila kupumzika. Ukishindwa hapo kijijini, utashindwa pia kwenye ngazi za gati.

Begi laini la kitambaa au la mgongoni ni bora kuliko sanduku gumu lenye magurudumu. Magurudumu hayasaidii kwenye mchanga na mawe, na sanduku gumu halikunjiki likaingia chini ya kiti.

Vya kubeba

- Nguo tatu za kubadilisha, zikiwemo za safarini, na moja nadhifu ya jioni.
- Khanga au vitenge viwili. Khanga moja ni taulo, shuka, nguo ya kulalia na kifunga mzigo.
- Sweta moja kwa kila mtu. Upepo wa ziwani alfajiri na usiku ni baridi.
- Viatu vya kutembelea vilivyovaliwa, na kandambili begini.
- Sabuni moja, mswaki kila mtu, dawa moja ya meno ya wawili, na mafuta kidogo kwenye kichupa.
- Simu, chaja moja kama inaingia simu zote mbili, na tochi ndogo.
- Kopo lenye mfuniko unaobana, la kuhifadhia simu, fedha na karatasi zisilowe.
- Vitambulisho, kadi za bima ya afya kwa walio nazo, na picha ya cheti cha ndoa kwenye simu.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Tumia kikapu au mfuko wa kitambaa.

Fedha zigawanyeni. Nyingi zikae kwenye simu, kidogo taslimu kwa bwana, kidogo kwa bibi. Mkiibiwa au mkipoteza begi moja, bado mtarudi nyumbani.

Vya kuacha nyumbani

Gauni la harusi na suti havina kazi fungateni. Acha pia pasi, jagi la kuchemshia maji, mito, sufuria, na zawadi mlizopewa ukumbini. Vyombo vipya vitawasubiri. Chakula cha njiani kiwe cha mlo mmoja: ndizi, karanga, mayai ya kuchemsha, maji. Samaki mtawakuta.

Hapa wapo wazazi watakaoona aibu: maharusi wetu waende na kibegi kama wanafunzi? Mama au shangazi akisema hivyo, mjibuni kwa heshima kwamba fungate si kuhama. Kuamua pamoja kitakachobaki ni moja ya hesabu za kwanza za nyumba yenu, na ni vizuri muifanye wawili, kila mmoja akitoa kitu katika begi lake mwenyewe, si la mwenzake.

Kila njia na mzigo wake

*Mwanza mjini.* Mnaweza kuacha mabegi chumbani na kutembea mikono mitupu. Kisiwa cha Saanane, kilichopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kiko karibu kabisa na mji, na boti huchukua muda mfupi. Maji, kofia na sweta vinatosha. Mwamba wa Bismarck mtauona kutoka ufukweni.

*Ukerewe.* Njia ni mbili: kupanda meli Mwanza hadi Nansio, au kupita Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Vyovyote vile mtapanda na kushuka vyombo zaidi ya kimoja, na kila mara mtabeba wenyewe au mtalipa mchukuzi. Mkienda hadi Ukara kuna kuvuka tena.

*Rubondo.* Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, na sokwe wake waliletwa huko miaka ya 1960. Wanaokwenda kwa barabara kutoka Mwanza sasa hupita Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kisha huendelea kupitia Geita hadi wilaya ya Chato na kupanda boti. Wanaokwenda kwa ndege ndogo wajue kwamba kiwango cha kawaida cha ndege hizo ni kilo 15 kwa abiria, tena kwenye begi laini. Ulizeni kabla ya kulipa. Msibebe nguo za buluu iliyokoza au nyeusi, kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi hizo. Rangi ya udongo ni nzuri zaidi.

Dawa ni mzigo usiopunguzwa

Dawa za kila siku, ziwe za presha, kisukari, ARV au vidonge vya uzazi wa mpango, zibebwe za siku zote za safari pamoja na siku tatu za akiba, kwa kuwa chombo kinaweza kuchelewa kwa upepo. Ziwekwe kwenye begi dogo la mkononi, si kwenye begi litakalorundikwa na mizigo mingine.

Kanda yetu ina malaria. Ulizeni kama chumba kina chandarua kizima; kama hakina, chukueni chenu, ni chepesi. Na jioni ikiwa tamu kiasi gani, msiingie kuoga ziwani. Kichocho huambukizwa na vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, hasa kwenye maji yaliyotulia na yenye majani kando ya ziwa. Mkiwa mlishaingia, nendeni kituo cha afya mueleze, kuna dawa.

Mzigo wa kurudi

Wengi huondoka na begi moja na kurudi na manne. Ndugu wa Nansio hatawaacha mwondoke bila machungwa, samaki wakavu na jogoo. Kukataa ni utovu wa adabu. Pokeeni, shukuruni, kisha chagueni kitakachoingia kwenye kikapu kimoja. Kinachobaki ombeni kitumwe siku nyingine kama mzigo, kwa kupimwa na kulipiwa. Hivyo ndivyo kitakavyoingia kwenye hesabu ya chombo badala ya kufichwa miguuni mwa abiria.

Kabla ya kukanyaga chombo

Kateni tiketi yenye majina yenu yote mawili. Ulizeni maboya ya kujiokolea yako wapi, na kwenye mtumbwi au boti ndogo vaeni kabla haijaondoka. Mizigo mizito iwe chini, na njia ibaki wazi. Chombo kinapokaribia gati, kaeni mahali penu hadi kifungwe kamba. Watu wakikimbilia upande mmoja kwa pamoja, chombo hulala.

Na mkiona kimejaa, shukeni. Nauli ya kulala usiku mmoja zaidi bandarini ni ndogo, na fungate haiharibiki kwa kuanza kesho.